Kivimbe cha Sentimita Tatu

Saa tatu na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, kibofu cha Mwanakheri kilikuwa kitupu.

Bi Thuwaiba, mpimaji wa altrasaundi katika kliniki moja ya Kikwajuni, alipitisha kifaa juu ya tumbo lake. Kioo kilionesha ukungu tu.

“Hukuambiwa unywe maji?”

“Nliambiwa. Lakini nimefunga. Nnalipa siku zangu za Ramadhani.”

“Ngapi?”

“Kumi na mbili. Hedhi ilikaa siku zote hizo, na mabonge ya damu.”

“Basi njoo Jumamosi, siku hiyo usifunge. Kibofu kikijaa, mji wa uzazi huonekana vizuri.”

Wifi yake, Saadiya, aliyemsindikiza kutoka Bwejuu, hakungoja wafike nyumbani.

“Mimi nshakwambia. Uvimbe huo! Watakung'oa kizazi, kaka yangu akose mtoto wa pili.”

Mwanakheri alikuwa na binti mmoja. Alitamani mwengine. Ijumaa, kwenye shamba lake la mwani baharini, alifunga mwani kambani kama mtu aliye ndotoni. Maji yalikuwa meupe, mbingu nyeupe, asijue kipi kinaanzia wapi.

Jumamosi alikunywa bilauri sita za maji. Kliniki, Bi Thuwaiba alimpaka jeli baridi tumboni. Mara hii kioo kilifunguka: weusi wa maji ya kibofu, kisha umbo la kijivu, kama pera lililopinduliwa, likielea. Ukutani mwake palikuwa na duara dogo.

“Huo ndio mji?”

“Naam. Na hiki kivimbe ni sentimita tatu. Kinaonekana kuwa faibroidi, nyama iliyoota kwenye ukuta wa mji wa uzazi. Wanawake wengi wanazo.”

“Saratani?”

“Kwa kawaida siyo. Lakini picha peke yake haihukumu. Daktari ataangalia pia maelezo yako na kipimo cha damu.”

“Na kizazi watang'oa,” Saadiya alidakia.

“Wifi mtu, mwiba ukikuchoma, unakatwa mguu? Kisichosumbua hufuatiliwa tu. Kuna dawa za kupunguza damu. Hata akifanyiwa operesheni, mara nyingi kivimbe huweza kutolewa, mji ukabaki.”

Daktari alikuta damu ya Mwanakheri imepungua: nane nukta nne, badala ya kumi na mbili au zaidi. Alimpa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kupunguza hedhi.

Baada ya miezi mitatu alirudi na Saadiya. Hedhi yake ilikaa siku tano. Damu ilifika kumi na moja nukta sita. Kivimbe hakikukua. Daktari aliandika kwenye kadi: “Hahitaji operesheni. Anaweza kutafuta mtoto.”

Saadiya aliichukua kadi, akaisoma kwa sauti mpaka mwisho.