Minazi Minne na Mndimu Mmoja

TANGAZO. Wake kwa waume, wenye nyumba na wenye kupanga, mnaarifiwa kwamba hapa panasimuliwa jambo zito la benki, sheria na uchumi wa dunia. Kaeni vizuri. Futeni miwani.

Haya. Ni habari ya bibi mmoja wa kijiji cha Bwejuu, Unguja, minazi minne na mndimu mmoja.

Bi Thuwaiba alikopa benki ajenge vyumba viwili vya wageni. Nyumba yake aliiweka rehani. Mwanzoni wageni walikuja, akalipa kila mwezi. Kisha wageni wakaadimika. Miezi mitatu hakulipa. Benki ikamletea barua: njoo tuzungumze. Aliikunja akaitia chini ya godoro. Aliamini benki ikikuita, inataka kukutoa nje.

Wakati huo alikuwa anajifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Alisoma kwa kidole, neno moja moja. Mjukuu wake Salhiya, aliyekuwa likizo kutoka skuli ya bweni, alimcheka.

"Bibi, kidole chako kinatembea kama kobe mgonjwa!"

"Kitafika," alijibu bibi.

Siku moja gari jeupe likasimama mlangoni. Akashuka mtu aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, na mkoba mkononi. Jina lake Abdulhakim.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Tumesikia una deni la nyumba. Sisi tuna mfuko wa kuwasaidia watu kama wewe, bila ya riba. Benki tutailipa sisi. Wewe tupe laki tatu za kufungulia faili, utie saini hapa, basi. Ulale usingizi."

Macho ya Bi Thuwaiba yalijaa machozi. Laki tatu alikuwa nazo. Zilikuwa fedha za mwani wake.

"Na benki nikawaambie?"

"Hata! Usizungumze nao tena. Wakipiga simu, usipokee. Na majirani usiwaambie, unajua hasadi. Lakini iwe leo. Kesho nafasi zitakwisha."

"Tia saini, bibi," alisema Salhiya, kwa sauti ya mtu mwenye vyeti. "Karatasi zote ziko hivi hivi. Mimi nshaziona."

"Ngoja nisome."

"Utasoma mpaka magharibi!"

"Basi ntasoma mpaka magharibi."

Kidole kikaanza safari. Maneno magumu ya juu aliyaruka. Katikati akasimama.

"Mi-na-zi. Minazi minne. M-ndi-mu. Mndimu mmoja." Akainua uso. "Baba, minazi yangu nayo inadaiwa?"

Abdulhakim akacheka. "Huo ni utaratibu tu, bi mkubwa."

"Marehemu mume wangu aliponunua hapa, miti iliandikwa hivi hivi. Huku kwetu mtu akihesabu miti, ananunua. Wewe unanisaidia au unanunua?"

Ghafla Abdulhakim akakumbuka kwamba ana mkutano Mjini. Akanyoosha mkono achukue karatasi yake. Bi Thuwaiba alikuwa ameshaikalia.

Karatasi akampelekea sheha, mkuu wa serikali pale kijijini, Bwana Ubwa. Sheha alisoma mpaka mwisho, akavua kofia.

"Hii ni hati ya mauzo, Bi Thuwaiba. Ungetia saini, angedai nyumba ni yake, na deni la benki lingebaki lako. Mtu akitaka umlipe kwanza ndipo akusaidie, mkimbie. Akikukataza kuzungumza na benki yako, zidi mbio. Hii ntaipeleka polisi. Lakini alijuaje kama unadaiwa?"

Salhiya, aliyemsindikiza bibi, alikuwa anaziangalia boriti za dari.

Kesho yake bibi aliitoa barua chini ya godoro, akenda nayo benki, Mjini. Afisa wa mikopo, Bi Khairat, alimpa kiti.

"Tulikuita tutafute njia pamoja, bibi. Ungekuja mapema tu."

Walikaa wakahesabu. Laki tatu zikalipwa pale pale, kwa risiti yenye muhuri. Muda wa mkopo ukaongezwa, malipo ya kila mwezi yakapungua. Bi Thuwaiba alisoma makubaliano mapya kwa kidole, saa nzima. Bi Khairat alimsubiri.

Sasa chumba kimoja amepanga mwalimu, kwa mwezi. Nyumba ipo. Minazi ipo.

Hapo ndipo hadithi ilipokuwa iishe. Lakini bibi amelichukua daftari hili, amesoma mpaka hapa, na amesema: "Hujaandika alijuaje."

Haya. Salhiya ni mimi. Niliichomoa chini ya godoro nikaipiga picha barua ya benki, yenye jina, kijiji na namba ya simu ya bibi, nikaitia kwenye grupu la watu mia mbili. Niliandika: "Bibi yangu kapata barua ya mapenzi kutoka benki." Watu walicheka sana. Mmoja hakucheka. Alikuja.

Bibi ameweka kidole juu ya sentensi hiyo, na bado hajakiondoa.