Honi Isiyo na Waya

Haya yalimpata rafiki yangu Barnaba, fundi magari wa mji wa Anderlecht huko ughaibuni, mbishi kupindukia. Jumapili moja alikwenda kwenye soko la vipuri vya magari ya zamani, akakuta honi iliyofanana kabisa na ya lori la marehemu baba yake kule Bukavu. Muuzaji alimwonya kwamba honi ile hulia yenyewe. Barnaba akacheka, akainunua.

Mchana uleule, katika gereji iliyo chini ya nyumba yake, taa zilizimika ghafla. Gizani honi ikalia juu ya meza, bila waya wala betri: mbili fupi, moja ndefu. Ndivyo baba yake, «papa» kama walivyomwita nyumbani, alivyokuwa akipiga getini, na mtoto aliyesikia alipaswa kukimbia kumfungulia.

«Lia tu, utachoka!» Barnaba akafoka. «Leo sitafungula mulango!»

Ikalia tena. Akaifunika kwa koti lake, akaikalia. Ikanyamaza. Akatabasamu peke yake gizani.

Kisha, kutoka mlangoni juu, akasikia sauti ya mkewe Laetitia, yenye adabu zote:

«Nimesikia honi, papa. Karibu. Ule udongo kwa miguu si kitu, ingia tu. Barnaba eko chini.»