Kiatu cha Dohanini

Maxine alikuwa juu ya ngazi, mvuke wa mashine ukimuunguza vidole, akibandua karatasi za ukutani za chumba cha mbele, mumewe Alan alipomwita kutoka chumba cha kulia.

"Max, njoo uone. Kuna mtu alisahau kiatu kwenye dohani."

"Nikishuka karatasi itakauka tena."

"Shuka tu."

Akashuka. Alan alikuwa amepiga magoti mbele ya meko, nywele zimekuwa nyeupe kwa vumbi la chokaa. Walikuwa wameinunua nyumba hiyo msimu wa majani kupukutika, huko Halifax, Uingereza, juu ya kilima, nyumba ya mawe ya enzi za Malkia Victoria. Wenye nyumba wa kabla yao walikuwa wameziba kila meko kwa mbao na kuzipaka rangi ya maziwa. Alan alitaka kila kitu kirudi kilivyokuwa. Neno hilo alilisema tangu asubuhi hadi jioni: kirudi kilivyokuwa.

Kiatu kilikuwa cha mtoto, cha mguu wa kushoto, ngozi yake imekauka kama samaki wa kuanikwa. Kilikuwa kimewekwa kwenye kibao cha tofali ndani ya dohani, njia ya moshi ya meko, juu mahali ambapo mkono wa mtu mzima ungefika kwa shida. Ndani yake vishimo vya vidole vitano vilionekana wazi.

Maxine akakipokea, mara akakiweka chini.

"Mbona kina joto?"

"Kina joto wapi?"

"Umekishika muda mrefu."

"Nimekivuta kwa koleo, Max. Sijakigusa."

Meko hiyo haikuwa imewashwa tangu kabla wao wawili hawajazaliwa.

Watoto walikuwa wawili. Kirsty, mwenye miaka tisa, alikuwa wa Maxine, aliyekuja naye kwenye ndoa. Bethan, mwenye miaka saba, alikuwa wa Alan. Mama yake alikuwa amefariki. Bethan alimwita Maxine kwa jina lake, na Maxine hakuwahi kumwambia amwite vingine. Nyumba iliendeshwa kwa utaratibu: koti, sketi na viatu vya shule vilianza kwa Kirsty vikaishia kwa Bethan. Alan aliwahi kusema pengine mtoto anunuliwe jozi yake mwenyewe, hata mara moja.

"Hivi bado vina maisha," Maxine akajibu, na mjadala ukaishia hapo.

Alan alikifanyia kile kiatu yale yale aliyoifanyia nyumba. Akakiosha kwa sabuni ya ngozi, akakilowesha kwenye mafuta, akashona upya soli iliyoachama, kisha akakitia ndani umbo la mbao la fundi viatu na kulikaza mpaka mikunjo yote ikanyooka. Akakiweka kwenye rafu juu ya meko.

"Sasa hata mtu anaweza kukivaa," alisema kwa fahari.

Harufu ilianza baada ya hapo. Ilikuwa ya masizi mabichi na ngozi iliyolowa, na ilikuja giza likiingia, saa ambazo watoto walirudi kutoka shuleni, maana majira ya baridi huko giza huingia kabla ya chakula cha jioni. Maxine alisugua sakafu, akafungua madirisha, akamlaumu Alan kwa mafuta yake. Kisha ikaja sauti ndani ya ukuta. Hatua moja. Kimya. Hatua nyingine, ya mguu ule ule.

"Njiwa," alisema Alan.

"Njiwa anayevaa kiatu kimoja?"

Alan akacheka. Maxine hakucheka, maana asubuhi ile alikuwa amekikuta kile kiatu chini, kwenye ukingo wa meko, ncha yake ikielekea mlangoni kama mguu wa mtu anayetaka kutoka.

Halafu Kirsty akaanza kuruka kwa mguu mmoja. Alipanda ngazi hivyo, akaenda chooni hivyo.

"Unafanya nini, Kirsty?"

"Tunacheza."

"Na Bethan?"

"Bethan hachezi," alisema Kirsty. "Hamtaki Bethan. Anasema Bethan ni mwembamba."

Hapo Maxine alipaswa kuwabeba watoto na kwenda kwa dada yake. Lakini jiko lilikuwa halina sinki, nguo zilikuwa kwenye maboksi, na mwanamke aliyechoka huahirisha hofu kama anavyoahirisha kupiga pasi.

Alhamisi, akitoka uani na kapu la nguo, aliona soksi ya Kirsty sakafuni ukumbini, akainama kuiokota huku akinung'unika kuhusu watoto wanaovua nguo kila mahali, akaifuata harufu hadi chumba cha kulia ambako taa ilikuwa haijawashwa, na pale kwenye meko akaona sketi ya shule na miguu miwili, mmoja una soksi na mmoja hauna, na juu ya kiuno hakuna kitu, maana mtoto alikuwa ameingiza kichwa na mabega yote ndani ya dohani na alikuwa akipanda, akipanda taratibu bila kushika popote, kama maji yanavyopandishwa kwenye mrija, na huko juu alikuwa akizungumza kwa kunong'ona na kunyamaza, akisikiliza jibu.

Maxine akamkamata kiuno akavuta. Kilichokuwa upande wa pili nacho kikavuta. Kisha kikaachia, kwa hiari yake, kama anayesema chukua kwa sasa.

Kirsty alikuwa na masizi mdomoni, yamejaa hadi nyuma ya meno. Kwenye kifundo cha mguu wa kushoto palikuwa na alama za vidole, vidogo na vingi mno.

"Alikuwa ananipima tu," alisema mtoto. "Usilie, Mama."

Maxine hakuwa analia. Alimfungia Kirsty katika chumba cha watoto, akamweka Bethan amlinde, akaenda kwa jirani.

Bibi Ackroyd alizaliwa mtaa ule ule na hakuwahi kuhama hata safu moja ya nyumba. Alimfungulia Maxine mlango kabla hajagonga, akamtazama mikono yenye masizi.

"Mmekitoa," alisema. "Hongereni. Nilimwona mumeo anakianika juani kama soksi, nikasema moyoni, haya, watu wa matengenezo wamefika."

"Ni kitu gani, Bibi?"

"Sisi hatukukipa jina. Ukikipa jina kinaitika."

Watu wa huko hawasemi jini. Husema kitu, na wanaposema hupunguza sauti. Lakini ni kile kile.

Bibi Ackroyd akamweleza akiwa amesimama, bila kumkaribisha kiti. Nyumba ina milango na madirisha, na vyote hufungwa, isipokuwa dohani. Kitu hushukia hapo kutafuta mtoto. Ndiyo maana waashi wa zamani waliweka kiatu. Si kipya, kiatu kipya hakina mtu ndani. Huwekwa kilichovaliwa hadi mguu ukajichora. Kitu hushuka, huona umbo la mguu, huingia kikidhani kimempata mtoto, na hakijui kurudi kinyumenyume.

"Na mtoto mwenyewe hapati dhara?"

"Kile kiatu kilikuwa cha shangazi yake mama yangu, Edith. Hakufa. Alikaa dirishani miaka hamsini. Ukimlisha anatafuna, ukimlaza analala. Mezani alikuwepo kila siku na walimhesabu pamoja na wengine. Ila humo ndani hamkuwa na mtu. Aliyekuwa humo walikuwa wamemjengea ukuta."

Maxine akashika fremu ya mlango. "Basi nikirudishe kile kile."

"Mumeo amekitia mbao kikanyooka. Mguu wa Edith umetoka. Hicho sasa ni pambo."

"Alan alipaswa kujua..."

"Alan hajui hata siku ya kutoa taka. Sikiliza, mpenzi. Unataka kiatu kilichozeeka, cha mtoto wa nyumba hiyo. Mguu uliokizoesha kiatu ndio unaobaki ndani. Kijengee, na usifungue tena kamwe. Ukifungua kinatoka na mtoto kiliye naye, na hata mwili ule unaokaa mezani utaukuta umekufa."

"Ni lazima awe mtoto kiliyempenda?"

Bibi Ackroyd akashika kitasa cha mlango.

"Hapana," alisema. "Mtoto yeyote wa nyumba. Unao wawili, sivyo?"

Akafunga mlango.

Kesho yake Alan alikwenda kutafuta mbao za sakafu. Kirsty hakuenda shule. Alikuwa amekaa kitandani akitazama ukuta, kidole kikichora matofali hewani. Usiku uliotangulia kitu kilikuwa kimemwambia kitarudi giza likiingia, naye alimwambia mama yake hivyo hivyo, kwa furaha, kama mtoto aliyealikwa sherehe.

Maxine alikoroga chokaa kwenye ndoo. Alikwenda kwenye kibao cha viatu mlangoni akachukua kiatu cha shule cha Bethan, cha kushoto. Alipogeuka, Bethan alikuwa amesimama nyuma yake, ametoka shule na kuvua viatu, koti bado liko mwilini.

"Maxine, hicho changu."

"Kimechakaa. Utanunuliwa vingine."

"Vya dukani? Vya kwangu mwenyewe?"

"Vya kwako mwenyewe."

Bethan akamkumbatia kiunoni. Hakuwahi kufanya hivyo. Maxine alisubiri mpaka mikono ile midogo ikaachia, akamwambia apande juu akakae kitandani kwake asishuke mpaka aitwe. Kisha akawasha taa, akakunja mikono ya sweta.

Alikiweka kiatu juu ya kibao cha tofali, akabaki mkono wake umo dohanini, na huko juu, mbali kuliko urefu wa nyumba, kitu kikaanza kushuka, hatua moja, kimya, hatua moja, harufu ya ngozi iliyolowa ikimjaa puani na kooni, masizi yakimwagika usoni mwake kama unga, na hakuthubutu kuuondoa mkono, maana alihisi kinaupita, kina joto, kina vidole vingi, kinampapasa kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko kikijiuliza kama huyu naye anafaa, kisha kikamwacha, kikaingia kwenye kiatu, na kiatu kikawa kizito mpaka kibao kikalia.

Akapanga tofali. Akapaka chokaa. Akapanga jingine. Alipofika la mwisho alisikia juu, chumba cha watoto, kitu chepesi kikianguka kitandani, kama nguo iliyoteleza kutoka kwenye kiti.

Hakupanda kutazama. Alinawa mikono, akaweka soseji kwenye kikaango.

Alan alirudi na mbao, akaona meko imezibwa, akakasirika kimyakimya. "Ningeirudisha vizuri, Max."

"Kuna upepo unaingia. Kaa, chakula tayari."

Soseji, viazi vya kuponda, njegere, mchuzi mzito wa kahawia. Maxine aligawa sahani nne na kuita kwa sauti ya kawaida kabisa.

Miguu ikashuka ngazi mbio, yote miwili. Aliyeingia alikuwa Bethan, mashavu mekundu.

"Nimechora viatu ninavyotaka," alisema. "Vina bizimu."

Maxine alisimama na kijiko mkononi, mchuzi ukidondoka kwenye kitambaa cha meza. "Wewe... Uko salama?"

"Ndiyo. Vile vya zamani vilikuwa vinaniumiza, sikusema tu. Ndani vilikuwa vimeshakuwa na vidole vya Kirsty. Vyangu havikuenea kwenye vishimo vyake."

Nyuma yake Kirsty alikuwa anashuka. Alishuka vizuri, hakuruka, hakuchechemea. Akavuta kiti chake akakaa, mikono juu ya meza, macho wazi mbele ya sahani. Maxine akamsogelea, akakata kipande cha soseji, akakipeleka mdomoni mwake. Mdomo ukafunguka. Ukatafuna. Pumzi yake ilinuka masizi.

"Kirsty," alinong'ona. "Kirsty, mwanangu."

Nyuma ya chokaa mbichi, upande wa meko, mtoto akasema, kwa sauti ndogo ya aliyeamka mahali asipopajua, "Mama?"

Bethan akaacha kula. Alan, ambaye kila jioni huhesabu vichwa kwa uma kabla ya kuanza, alikuwa akivuta njegere karibu yake.

"Mmoja, wawili, watatu, wanne," alisema. "Wote tupo. Max, kaa basi, chakula kinapoa."

Maxine akakaa.