Sufuria ya Bibi Euphrasia

Asubuhi ile, uani kwenye nyumba yao ya kupanga Kariakoo, Benedikta alikuwa akiimba huku akifunga vitumbua vya safari. Mumewe Vitalis, karani wa bandarini, alipata likizo ya majuma mawili, nao wanakwenda Zambia, nchi wasiyowahi kuiona. Mama mkwe, Bibi Euphrasia, macho yamefifia, aliketi mkekani akiwaombea heri.

"Mama atakula nini?" Benedikta aliuliza.

"Kadi ya kaya nimemwachia," Vitalis alidakia. "Twende, treni haitungoji!"

Jamani, kitendawili! Kijikaratasi hakilimi wala hakipiki, lakini mwenye nacho anakula, asiye nacho anarudishwa. Mliozaliwa juzi mtanipa mji. Ndiyo kadi ya kaya! Miaka ile ya shida, bila hiyo hupati sembe wala sukari.

Mji wa kwanza, Kapiri Mposhi, ulikuwa vumbi tupu. Walifikia kwa Augustino, binamu ya Vitalis, fundi wa reli mwenye chumba kimoja. Ugali ulipoiva, sahani ya kwanza Augustino alimpelekea mama yake mzazi, aliyeishi naye. Benedikta alitazama, akamkumbuka Bibi Euphrasia.

Mji wa pili, Kitwe, mji wa shaba, ulikuwa taa na vioo vya maduka. Vitalis alichanganyikiwa. Akampa mkewe koti ashike, ajaribu suti. Benedikta akapapasa mfukoni kutafuta leso, akatoa kadi. Imeandikwa: watu watatu.

"Vitalis! Hii inafanya nini huku?"

"Punguza sauti. Mama mkono wazi yule. Angegawa sukari nyumba nzima."

"Na yeye ale nini?"

"Majirani wapo, watampa."

"Ala! Mkono wazi wa majirani unautaka, wa mama yako ndio umeufungia?"

"Siku tano tu za kukaa huku zimebaki, mke wangu. Tumalizie likizo."

"Malizia wewe!" Akaondoka na kadi yake mkononi.

Alipofika Kariakoo, mpangaji mwenzao Paskalina alimpokea kwa kilio, akamsimulia. Bibi alikwenda dukani mara tatu. Akiulizwa kadi, anajibu, "Nimeisahau ndani, wanangu." Kila jioni akawasha jiko la mkaa, akabandika sufuria. Akikaribishwa chakula, "Ahsante, changu kinachemka." Hakutaka mtu amseme vibaya mwanawe. Siku alipoanguka ndipo wakafunua ile sufuria. Maji matupu.

Bibi alikata roho hospitali alikolazwa, siku ya pili tangu mkwewe arudi, Benedikta amemshika mkono.

Vitalis alirudi matanga yameshaanuliwa, na masanduku mawili, na blanketi jekundu begani. "Zawadi ya mama," akasema.

"Kafunikie kaburi," Benedikta akamjibu.

Balozi wa nyumba kumi, mzee Theophil, akaja kuomba ile kadi. Akakata jina moja. "Sasa mmebaki wawili," alisema bila kumtazama Vitalis.

"Kata na langu, Baba," Benedikta akasema, kanga zake zimeshafungwa. "Mimi nahama."

FUNZO

Nasema kwa hasira, na sitaomba radhi. Wewe unayemfungia mzazi chakula kwa kuogopa ukarimu wake, ulikua kwa ukarimu huo huo. Usimtupie jirani mzigo wako halafu ukauite ujamaa. Na sisi majirani tusijitoe: mzee akituambia changu kinachemka, tusiishie kwenye ahsante yake. Tufunue sufuria.