Meza ya Viola Yavuliwa Nguo

Nyumbani kwa Viola, mjini Kitale, kila kitu kilivaa. Viti vilivaa vitambaa, televisheni ilivaa kitambaa, na meza ilivaa kikubwa kuliko vyote, cheupe chenye maua pembeni. Mama mkwe wake wa Kimilili ndiye aliyevifuma. Mgeni asipovisifu, Viola alimsaidia kuviona.

Asubuhi moja Viola aliweka themosi ya chai mezani, akaenda kumfungulia jirani mlango. Cheptoo, binti yake wa miezi kumi, akatambaa hadi mezani. Akaona pembe ya kitambaa inaning'inia. Akaivuta.

Vikombe vilianguka. Themosi ikafuata, ikafunguka, chai ikamwagika kando ya miguu ya mtoto. Viola alirudi mbio, akamnyakua.

Bahati nzuri jirani mwenyewe alikuwa Sharifo, mhudumu wa afya wa mtaa. Alimkagua mtoto kwa utulivu.

"Hajaungua," akasema. "Ingemgusa, ungemmwagia maji baridi ya mfereji dakika ishirini, halafu hospitali. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Sasa piga magoti."

"Ati nini?"

"Tambaa kama yeye. Wewe unaona hii nyumba ukiwa umesimama. Yeye anaona ingine."

Viola alicheka, lakini alipiga magoti. Kule chini nyumba ilikuwa ngeni kabisa. Waya wa televisheni ulikuwa karibu na mkono wake. Chini ya kiti aliona chupa ya soda yenye mafuta taa pamoja na kopo la dawa ya kupe, na nyuma ya mlango ndoo ya maji isiyo na kifuniko.

"Si mtoto hawezi kuzama kwa ndoo?" akauliza.

"Anazama, hata maji yakiwa kidogo. Kichwa chake ni kizito. Akiinama na kutumbukia, hawezi kujitoa."

"Na hii mafuta?"

"Wewe umeiweka kwa chupa ya soda, yeye atajuaje si soda?"

"Akinywa nimtapishe?"

"Usimtapishe, na usimpe maziwa. Mbebe pamoja na hiyo chupa, mkimbie hospitali."

Jioni Kiptum, mume wa Viola, alishika nyundo. Mafuta taa na dawa ya kupe vilifungiwa kwenye kabati la juu lenye kufuli. Ndoo ikapata kifuniko. Waya ukapigiliwa ukutani, nyuma ya kabati. Kilichobaki ni kitambaa cha meza, na hapo Viola alikwama.

"Hii ni ya mama mkwe," alimwambia Sharifo, aliyekuwa amepita kuona kazi. "Na anakuja Jumamosi."

"Basi chagua utamwambia nini. Kitambaa kimetoka, ama mjukuu ameungua."

Jumamosi mama mkwe alifika, akaketi, akatazama huku na huku.

"Viola, meza yangu mmeivua nguo?"

Kiptum akakumbuka ghafla kwamba kuku hawajalishwa. Akatoka. Viola aliogopa, lakini hakumtupia mtu mwingine mzigo.

"Ni mimi nimeivua, Mama. Cheptoo alivuta kitambaa na chai ya moto, ikamkosa kidogo tu. Kazi ya mikono yako naipenda. Lakini huyu nampenda zaidi."

Mama mkwe alimgeukia mjukuu. Cheptoo alikuwa amefika mezani. Alijiinua, akapapasa ukingo akitafuta kitu cha kuvuta. Akapata mbao tupu. Akapiga meza kofi, akaketi chini na kuendelea na safari zake. Nyanya yake aliufuata mkono ule mdogo kwa macho mpaka mwisho.

"Siku hizi themosi mnaweka wapi?" akauliza.

"Juu ya kabati, Mama."

"Basi nimiminie chai."

Kiptum alipochungulia kutoka kwa kuku, aliwakuta wanacheka.

Krismasi walienda Kimilili, Cheptoo akitembea kwa miguu yake na kushika kila alichokiona. Nyanya aliwapokea mlangoni. Sebuleni, kwa mara ya kwanza tangu Kiptum azaliwe, meza ya mama yake ilikuwa uchi.