Vidole Vinavyoijua Kamera

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake, Kamusi alikwenda kumsaidia shangazi yake kwenye studio ya picha. Wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu ukimuuliza jambo moja kuhusu kamera, alikujibu kumi. Lenzi, fleshi, kasi ya kupiga, vyote vilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Asubuhi moja aliingia fundi wa kuchomelea vyuma, begi begani, pamoja na mkewe na binti yao mdogo. Alikuwa anasafiri kwenda kazi ya mbali, na basi lake lilikuwa karibu kuondoka.

"Dada, tupige picha moja tu ya kubaki nayo," alisema.

"Shangazi, niachie mimi!" Kamusi alidakia. "Najua kila kitufe."

Shangazi akampa kamera. Kamusi akabonyeza hapa, akazungusha pale. "Msitikisike! Ngojeni kwanza! Tazameni huku!" Familia ikasimama wima kama nguzo za uzio. Mtoto akaanza kulia. Mara umeme ukakatika, taa za studio zikazimika. Kamusi akapiga: giza tupu. Akapiga tena: sura zimevurugika. Jasho likamtoka. Nje, basi lilipiga honi.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "nimeshindwa. Majina ya vitu ninayo, lakini sijui nifanye nini."

"Vizuri umesema mapema. Fungua mlango wote, kisha shika lile shuka jeupe, mwanga uwarudie usoni."

Shangazi alivuta benchi karibu na mlango, akawakalisha. Vidole vyake viliifungua lenzi ipokee mwanga zaidi, bila yeye kuvitazama, kama msusi anayesuka huku akipiga soga. Macho yake yalikuwa kwa mtoto.

"Hebu niambie, binti, baba akilala hukoroma vipi?"

Mtoto akafuta machozi, akafikiri, akakoroma kwa nguvu zote. Mama akaangua kicheko. Baba akamkumbatia binti yake, na papo hapo kamera ikalia, kacha!

Walionekana wote watatu, sura angavu, wanacheka. Fundi aliitazama picha ile. "Nitumieni kwenye simu, tafadhali," alisema, akakimbilia basi.

Kamusi alimtazama shangazi yake kwa mshangao. "Kumbe kujua vifaa si kitu? Kinachotakiwa ni kuchekesha watu tu?"

"Thubutu! Nisingeijua kamera, ningepiga giza kama lako, wacheke wasicheke. Ijue mpaka vidole viijue vyenyewe, mwanangu. Hapo ndipo macho yatapata nafasi ya kuwaona watu. Kusoma umesoma, hongera. Sasa fanya, na ukikwama sema, kama ulivyosema leo."

Akamvisha mkanda wa kamera shingoni, akaenda kuketi kwenye benchi.

"Umeme bado haujarudi. Haya, nipige mimi."