Ziada ya Fundi

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, fundi alimnyonyesha mwanawe na kumpa matone ya vitamini. Mtoto alikuwa wa miezi minne, mdogo wa umbo, na macho ya mviringo. Bibi yake akambandika jina la Kifungo.

Matone yalitoka kliniki. Kifungo alizaliwa kabla ya wakati, na daktari alisema mifupa yake inahitaji vitamini D. Chupa ilikuja na kibomba chenye alama. Vuta mpaka kwenye alama, basi.

Lakini fundi ni fundi. Tangu aanze kazi hajawahi kukata kitambaa bila kuacha ziada ya mshono. Huacha na nyingine kwenye pindo, maana wateja hunenepa. Basi na matone aliyavuta mpaka kwenye alama, halafu akapitisha. Siku akimwona mtoto amekonda, alipitisha sana.

"Umezidisha," bibi alimwambia, akichungulia.

"Ni vitamini, mama. Si sumu."

Bibi akaachana naye. Mkwewe akishashikilia jambo, hata trekta haliwezi kumng'oa.

Baada ya wiki kadhaa Kifungo alibadilika. Alisukuma ziwa. Alitapika. Choo kilikuwa kigumu, na kicheko chake kilipotea. Fundi aliingiwa na hofu. Kwa hofu hiyo, akaongeza matone tena.

Asubuhi moja muuguzi wa kliniki alikuja kujaribu sare yake. Alisimama mbele ya kioo, pini zimejaa mabegani.

"Inanibana kwapani," alisema.

"Usijali, niliacha ziada. Ngoja nimpe mtoto matone yake kwanza."

Muuguzi akakiona kibomba kimejazwa kupita alama. "Subiri, dada! Hicho ndicho kipimo chake?"

"Nimeongeza kidogo tu."

"Ya nini?"

"Ya... ya kukulia," fundi akajibu, sauti ikififia.

Muuguzi hakucheka. "Hii sare ikinizidi, utafanyaje?"

"Nitaipunguza kwa mkasi."

"Na vitamini D ikizidi mwilini, utaipunguza kwa mkasi gani? Haitoki upesi. Inarundikana. Mtoto anakataa kunyonya, anatapika, anapata choo kigumu. Ikizidi mno inaumiza figo."

Fundi akaketi sakafuni. Kila kilichotajwa, Kifungo alikuwa nacho.

"Nimemuumiza mwanangu mwenyewe," akasema, na machozi yakamtoka.

"Ulitaka akue. Sasa twende kliniki, tusingoje kesho. Chukua mtoto, chukua na chupa, daktari aione."

"Na hizo pini?" bibi akauliza kutoka mlangoni.

"Nitakwenda nazo hivi hivi!"

Daktari alimpima Kifungo damu. Vitamini ilikuwa imezidi, ila figo zilikuwa salama. Fundi akashusha pumzi. Daktari alisimamisha matone, akamwambia aendelee kunyonyesha na amrudishe mtoto kupimwa.

"Chupa hazifanani nguvu," daktari alieleza. "Usibadilishe bila kuuliza, wala usichanganye na vitamini nyingine. Na uiweke mahali ambapo watoto hawafiki."

Polepole Kifungo alirudia ziwa, tena kwa fujo. Kicheko nacho kikarudi. Alipopimwa tena, vitamini ilikuwa imeshuka, na daktari aliruhusu matone yaanze upya, kwa kipimo kile kile cha alama.

Asubuhi iliyofuata fundi aliinua kibomba kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, hebu nitazamie."

Bibi akasogea, akakaza macho. "Imepita. Rudisha kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo!"

Kifungo akameza, akalamba midomo. Fundi akaosha kibomba, akaiweka chupa juu ya kabati na kukaa kwenye cherehani. Siku hiyo alimshonea mwanawe shati. Bibi akaligeuza, akaona pindo nene kwa ndani.

"Mbona umeacha kitambaa kingi hivi?"

"Atakua, mama," fundi akasema, akicheka. "Ziada yake nimeiweka hapo."